Mwalimu Ambaye Hajawahi Kupigwa

Optatus Ndunguru alifundisha karate mjini Dodoma kwa miaka saba bila kupigwa na mtu hata mara moja, na jambo hilo alilichukulia kuwa ushahidi wa umahiri wake. Wanafunzi wake nao walilipokea hivyo hivyo, maana hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumpiga mwenzake. Katika darasa la Optatus ngumi ilirushwa kwa kishindo, ikasindikizwa na ukelele uliotoka chini ya kitovu, kisha ikasimama inchi moja kabla ya pua ya mtu. Mwenye pua aliinama kwa heshima, mwenye ngumi naye akainama, na wote wawili wakaenda nyumbani wakijiona ni watu wa hatari.

Mchana alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, kazi ya kupeleka mafaili mahali yasipotakiwa na kuyatafuta siku yanapotakiwa. Jioni za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alivaa suti nyeupe iliyoshonwa kwa marekani, akafunga mkanda mweusi, akawa mtu mwingine. Darasa lilikuwa ndani ya ghala la shirika la umma lililokufa. Shirika lilikwenda na mizani, viti na mlinzi, likaacha harufu ya karanga pamoja na panya waliozoea kula bure. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinasubiri mnunuzi, isipokuwa hao panya.

Kuhusu ule mkanda, ni hivi. Mwalimu wake wa kwanza, Batholomeo, alimwachia darasa zima na mkanda wa kahawia siku alipohamia Mwanza kwenye biashara ya minofu ya sangara. Baada ya hapo hakubaki mtu wa kumpa mkanda mweusi. Optatus alisubiri mwaka mmoja kwa uadilifu mkubwa, kisha akanunua kopo la rangi ya viatu. Tangu hapo alikuwa na mkanda mweusi, na akitokwa jasho sana, kiuno cha suti yake kilionekana kama kimejisugua kwenye sufuria yenye masizi.

Kwao ni Mbinga, kwenye familia ya wakulima wa kahawa, watu wapole ambao ugomvi wao mkubwa ulikuwa na magugu. Lakini Dodoma hakuna aliyejua kumtofautisha Mmatengo na Mngoni, kwa hiyo alijiita Mngoni, na pale ilipofaa akadokeza habari za mababu wenye mikuki.

Hilda Chilewa aliingia ghalani Jumatano moja ya mwezi wa tano. Alivua viatu mlangoni, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama mtu anayeingia uani kwa jirani. Alikuwa na miaka ishirini na sita hivi, mtoto wa wafugaji wa Haneti, na kazi yake ilikuwa kushona makochi na magodoro kwenye karakana moja kule Ipagala. Alitazama mazoezi saa nzima akiwa ameegemea gunia. Mwisho akanyoosha mkono kama mwanafunzi wa shule.

"Mwalimu, samahani. Hii ngumi inafika lini?"

"Haifiki," alisema Optatus. "Hapo ndipo penye sanaa. Nguvu iliyozuiwa ni kubwa kuliko nguvu iliyoachiwa."

"Na mtu akinikaba njiani, naye atazuia?"

Watu wakacheka, wakanyamaza walipomwona mwalimu hacheki. Optatus alimwuliza kama amewahi kupigana.

"Kwa fimbo, ndiyo. Nimechunga na kaka zangu watano. Fimbo naijua. Mikono ndiyo siijui, nimekuja kujifunza."

Optatus akaona hapa pana somo la bure. Alimwita mbele, akasimama ameachanisha miguu, akamwambia ampige ngumi ya tumbo kwa nguvu zake zote, asiogope, kwa kuwa haitafika. Alikuwa na maana kwamba ataipangua. Kwa miaka saba alikuwa amepangua mamia ya ngumi za watu ambao hawakuwa na nia ya kumfikia, na zote alizipangua vizuri.

Hilda alimwamini. Alivuta pumzi, akapiga.

Ngumi ilifika. Mkono wa Optatus wa kupangua ulipita hewani baadaye kidogo, ukiwa katika umbo zuri kabisa. Magoti yake yalikunjika bila kumshauri. Alijikuta ameinamia sakafu ya saruji akitafuta hewa, na hewa haikuwepo, na badala yake vikaja wali na maharage alivyokula mchana.

Seth, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akisomea uhasibu, alichuchumaa pembeni yake kwa heshima. "Mwalimu, hii inaitwaje?"

Optatus alipopata pumzi ya kusema, alisema, "Nimewaonyesha namna ya kuanguka."

Wote wakainama. Wawili wakaanza kujaribu.

Jumamosi alikwenda Ipagala akiwa na maumivu kila alipocheka, ingawa hakuwa na sababu nyingi za kucheka. Alimkuta Hilda uani kwenye karakana, amekalia fremu ya kochi, sindano ndefu mkononi, anavuta kamba ya katani. Optatus alikuwa amepanga hotuba ya kumwomba asimwambie mtu. Hilda alimsogezea kigoda kabla hajaianza.

"Pole na tumbo, mwalimu. Nilidhani utaizuia."

"Hata mimi."

Hilda akakata kamba kwa meno. "Unajua ulifanya nini? Ulifumba macho. Kabla sijakufikia ulikuwa umeshafumba."

Optatus akasema si kweli. Hilda hakubishana naye. Aliinua tu kiganja chake haraka mbele ya uso wa mwalimu, bila kumgusa. Optatus alipofumbua macho alimkuta bado amenyoosha kiganja, anamtazama kama daktari.

"Si kosa lako," alisema Hilda. "Mwili haujui. Sisi nyumbani tulianzia kwenye mabua ya mtama. Unapigwa na bua, unacheka. Ukizoea, fimbo mbichi nyembamba, miguuni tu. Ukizoea, ndipo ile yenyewe. Inachukua miaka. Na mtu akisema basi, ni basi. Ukiendelea kumpiga aliyesema basi, bibi anakunyima maziwa jioni. Hata uwe mkubwa vipi."

"Na kichwani?"

Hilda aliacha kushona. "Kichwani tulikatazwa. Kaka yangu Yotham alikuwa anajivunia kichwa chake. Aliwaambia vijana wa kijiji cha pili wampige, aone nani atachoka kwanza. Hakuanguka hata siku moja, watu wakamsifu sana. Sasa hivi ana miaka thelathini, anakaa nyumbani na mama. Kila asubuhi anauliza kama ng'ombe wametoka. Anaambiwa wametoka. Baada ya muda anauliza tena."

Kuku alipita kati yao. Optatus hakuwa mtu wa kuomba, lakini alikuwa amefundisha watu ishirini na wawili mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyajua, na kwa mara ya kwanza hilo lilimkaa vibaya kuliko tumbo.

"Nifundishe kupigwa," alisema. "Ila wasijue."

Walianza Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nyuma ya karakana. Hilda alikuwa ameshona glavu mbili nene kwa vipande vya sponji na ngozi ya bandia iliyobaki kwenye makochi, rangi ya damu ya mzee. Kikinga meno alikikata kwenye soli ya kandambili mpya, akakichemsha kikalainika, akamwambia Optatus akiume kikiwa cha moto. Kwa wiki tatu kinywa chake kilikuwa na ladha ya duka la viatu.

Wiki ya kwanza hakupigwa kabisa. Alisukumwa. Hilda alimsukuma begani kwa kiganja, kushoto, kulia, kushoto, huku akimwambia apumue nje kila anaposukumwa na aache mabega yalegee. Optatus alikasirika, alisema haya ni mambo ya watoto. Hilda akamwambia watoto wanayaweza. Wiki ya pili viganja vikawa makofi ya bega na ya mkono. Ya tatu zikaja glavu, tumboni, polepole, kwa nguvu ya mtu anayekung'uta mto. Kila hatua alipoanza kukakamaa au kuzuia pumzi, walirudi hatua moja nyuma, hata kama ilimaanisha kurudi kusukumana.

Macho ndiyo yaliyokataa. Kila glavu ilipokaribia uso, hata kwa mwendo wa konokono, yalifumba. Hilda alichukua chaki ya kupimia vitambaa, akaandika namba kwenye glavu, asimwonyeshe.

"Soma namba wakati inakuja. Haitakuumiza, nitakugusa tu shavuni. Wewe soma."

Glavu ikaja, ikamgusa.

"Saba," alisema Optatus.

"Ni mbili."

Ikaja tena. "Tisa."

"Ni mbili ile ile, mwalimu."

Walifanya hivyo majuma manne. Siku moja mwezi wa saba glavu ilikuja kasi kidogo, ikamgonga kwenye shavu, na kabla haijaondoka Optatus alisema, "Tano, na umeandika vibaya, umeigeuza." Hilda aligeuza glavu akaitazama. Kweli alikuwa ameigeuza. Optatus alitaka waendelee mpaka jioni. Alitaka zote, moja mpaka tisa. Hilda alivua glavu akazining'iniza ukutani.

"Leo basi. Shavu limeshavimba. Lipone kwanza."

Huko nyuma ya karakana palikuwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta palikuwa na jirani mwenye kufua Jumapili. Kwa majuma kadhaa alimwona karani wa serikali, mtu mzima mwenye suruali ya kitambaa, akisimama ameteremsha mikono huku mwanamke akimgonga makofi na kumwuliza namba. Habari hiyo ilitembea kutoka Ipagala mpaka mjini bila nauli.

Mkuu wake wa kazi, mzee Ebenezer, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku hizo mlango ukifungwa ofisini, mtu aliwaza kupunguzwa kazi. Optatus alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndunguru, mimi ni mtu mzima. Yamekuwepo kabla yako na yatakuwepo baada yako." Mzee Ebenezer alinyoosha kalamu zake mezani. "Tumesikia unapigwa nyumbani."

Optatus aliuliza na nani.

"Usiulize na nani, mwanangu. Shavu hilo tunaliona. Mwanamke akishazoea, haachi. Mimi mwenyewe mwaka wa sabini na tisa..." Hapo mzee alisita, akaamua mwaka huo ubaki alipouacha. "Nenda kwa wazee wenu mkasuluhishwe. Na kama ni mambo ya namba, kama anakutahini hesabu za matumizi, mwambie ukweli."

Optatus hakuwa na mke. Lakini kueleza kwamba yule si mke, bali ni mwanafunzi wake, na kwamba anampiga kwa kuwa yeye mwalimu hajui kupigwa, kulionekana kurefu na kubaya zaidi. Alisema, "Asante, mzee, nitazingatia," akatoka. Kuanzia siku hiyo akinamama wa masjala walimwekea maandazi mawili badala ya moja.

Kipindi hicho hicho Seth aliacha kuja darasani. Alikuwa amehamia kwa Jordan.

Jordan alikuwa na banda la video jirani na soko, ambako watu walilipa kuona Wachina wakirukiana juu ya mapaa. Baadaye aliona kwamba watazamaji wake walitoka bandani wakipiga mateke nguzo za umeme, akafungua klabu nyuma ya banda. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuuza, na aliamini kila alichokisema kwa muda wote aliokuwa akikisema. Alikuja ghalani Ijumaa moja akiwa na Seth nyuma yake, akatazama ngumi zikisimama inchi moja kabla ya pua, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kaka, kwangu watu wanakomazwa," alisema. "Mpini wa jembe, tumboni na mbavuni, hamsini kila siku. Ukilia unaanza moja. Baada ya mwezi husikii kitu. Mwulize Seth."

Seth alisema hasikii kitu. Aliyasema hayo akiwa amesimama wima sana.

Jordan alikuwa ameandaa onyesho kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Alitaka mwalimu wa ghalani apande jukwaani raundi tatu, ngumi za kufika. Darasa zima liligeuka kumtazama Optatus. Kinywa chake kikasema, "Hakuna shida," na yeye mwenyewe akakisikia pamoja na wengine.

Hilda hakumpongeza. "Hujafika huko. Umezoea sponji, nusu ya nguvu, ya mtu asiyekuchukia."

"Nimeshasema."

"Basi twende tukaseme vizuri."

Alikwenda mwenyewe kwa Jordan na masharti: raundi za dakika mbili, glavu zake za sponji kwa wote wawili, vikinga meno, na mwamuzi mwenye ruhusa ya kusimamisha. Jordan alicheka, lakini mchungaji mwenye ukumbi alikuwa upande wa Hilda. Sakafu ilikuwa imepigwa vanishi juzi tu, naye hakutaka damu. Akapatikana mwamuzi, mwalimu wa michezo wa shule fulani, mwenye filimbi ya mpira wa miguu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuwepo wanafunzi, watu wa sokoni, na mzee Ebenezer, aliyeambiwa karani wake atapigwa hadharani akaona ni wajibu wake kuwepo. Optatus alipanda jukwaani akitarajia kumkuta Jordan. Aliyepanda upande wa pili alikuwa Seth. Jordan alikuwa amekaa chini kwenye kiti cha plastiki, na taulo begani.

"Mwanafunzi wangu anatosha," alitangaza.

Seth aliinama. "Shikamoo, mwalimu." Optatus akaitikia, filimbi ikalia.

Ngumi ya kwanza ilimjia usoni moja kwa moja, ngumi aliyomfundisha yeye mwenyewe, ila safari hii haikuwa na breki. Aliiona. Aliona mshono wa Hilda kwenye ukingo wa glavu, aliona ngozi ya bandia imekunjamana, aliiona mpaka ilipomfikia kwenye shavu na kichwa kikaenda pembeni. Iliuma sana. Na baada ya kuuma, Optatus alikuwa bado amesimama pale pale, anapumua, na ukumbi ulikuwa bado upo. Furaha ya ajabu ilimpanda. Alitamani kumwambia mtu.

Alirudisha ngumi mbili, moja ikaenda hewani, moja ikamfikia Seth begani. Alipigwa tena, tumboni, akapumua nje, ikapita. Raundi ya kwanza ikaisha, na Hilda, aliyekuwa kwenye kona yake na ndoo ya maji, akamwuliza kama kichwa kinazunguka, leo ni siku gani, na yeye anaitwa nani. Alijibu yote.

Katika raundi ya pili, kwa kuwa macho yalikuwa wazi na hayakuwa na kazi nyingine, yakaanza kuona mambo mengine. Kiwiko cha kushoto cha Seth kilikuwa kimebanwa ubavuni wala hakikutoka. Seth alivuta pumzi fupi fupi, za juu, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Na kila aliporusha mkono wa kulia, uso wake ulikunjamana kabla hata hajaguswa. Optatus alimsogelea, akapigwa njiani mara moja, akamkumbatia.

"Seth, ubavu una nini?"

"Niachie, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Jumatano," alisema Seth. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Ulilia kidogo, kama kijiti. Jordan amesema ni mfupa unakomaa."

Jordan alikuwa akipiga kelele kutoka kitini kwamba hapa si ukumbi wa harusi. Mwamuzi aliwaachanisha. Optatus alitoa kikinga meno, akamwambia mwamuzi kijana huyu ameumia, asiendelee. Mwamuzi alimtazama Seth. Seth akasema yuko sawa. Mwamuzi, aliyezoea kadi za njano, akasema yeye hawezi kumtoa mtu aliye sawa, ila mtu anaweza kujitoa mwenyewe.

"Basi andika nimejitoa," alisema Optatus.

Ukumbi ulimzomea. Maganda ya machungwa yaliruka, moja likatua kwenye vanishi na mchungaji akaenda kuliokota. Jordan alipanda jukwaani kwa hatua mbili, akaushika mkono wa Seth aliyeshinda, wa kushoto, akauinua juu kabisa ili watu wa madirishani nao waone.

Seth alitoa sauti ndogo, akaanguka.

Zomeazomea ilikatika. Hilda alikuwa ameshafika. Alimzuia Jordan asimwinue, akamlaza Seth upande ulioumia ili ule mzima upate kupumua, akakunja taulo la Jordan akaliweka chini ya kichwa chake, akaagiza pikapu ya mchungaji. Jordan alisimama pale mikono imening'inia.

Hospitali walisema mbavu mbili zimevunjika, na ncha ya moja ilikaribia kutoboa pafu. Jioni ile Optatus alikaa pembeni ya kitanda, jicho moja limeanza kujifunga lenyewe, mara hii kwa sababu ya msingi.

"Ulijuaje?" aliuliza Seth.

"Ulikuwa unapumua kama unakunywa chai."

"Mimi nilidhani utafumba macho. Nilipanga kukupiga ukiwa umefumba, niliwahi kuona unafumba." Seth alitafuta namna ya kulala, hakuipata. "Siku ile ya maharage, mwalimu. Hukuwa unatuonyesha kuanguka."

"Hapana."

Jordan alikuja na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Alisema yeye pia alikomazwa vile vile, huko Dar es Salaam, na mtu aliyemkomaza alikuwa amekomazwa hivyo hivyo. Akaendelea, akasema mbavu zake mwenyewe mvua ikinyesha zinamsumbua, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu. Hilda alimpokea machungwa.

"Mpini wa jembe uurudishe kwenye jembe," alisema. "Kesho uje na chakula cha mgonjwa. Na keshokutwa."

Akaja. Kwa majuma mawili Jordan alileta uji na ndizi, akakaa kitandani akimsimulia Seth picha zote za video alizokuwa nazo, mwanzo mpaka mwisho, na Seth alisema hayo ndiyo yaliyomuumiza zaidi, kwa kuwa alikatazwa kucheka.

Jumatatu iliyofuata onyesho, wanafunzi kumi na mmoja tu walikuja ghalani. Optatus aliwakalisha kwenye magunia, akafungua mkanda wake, akawaambia habari za rangi ya viatu. Akawaambia kwamba kabla ya mwezi wa tano alikuwa hajawahi kupigwa, na kwamba aliyekuwa akimpiga Jumapili ni huyu hapa, Hilda, kwa ruhusa yake, na si mke wake, wawaambie na watu wa masjala. Alisema anayetaka kuondoka aondoke.

Hana, mpiga chapa wa manispaa, mwanamke mwembamba mwenye miwani, ndiye aliyeuliza kwanza. "Kwa hiyo sisi, mikanda yetu nayo ni ya uongo?"

"Ya kwenu mlinunua dukani," alisema Optatus. "Ni mikanda halali."

Watatu waliondoka. Wanane waliobaki walianza upya, Hilda akiwa mwalimu wa kupigwa na Optatus akiwa mwalimu wa kila kilichobaki. Walisukumana mabega mwezi mzima, wakanung'unika mwezi mzima. Waliweka neno lao, "basi," na mtu wa kwanza kupuuza neno hilo, kijana mmoja wa idara ya ardhi na upimaji, alifagia ghala peke yake wiki mbili, pamoja na mavi ya panya. Vichwa viliguswa, havikupigwa. Aliyekuja na jeraha alikaa kwenye gunia akihesabu dakika za wengine.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zinagonga bati, ilifika zamu ya Hana kupokea glavu usoni. Alivua miwani, akamkabidhi mwenzake. Glavu ya Optatus ilikuja polepole, lakini Hana alisogea mbele wakati huo huo, ikamgonga puani zaidi ya ilivyokusudiwa. Machozi yakamtoka papo hapo. Kila mtu alisimama alipokuwa. Hilda alichuchumaa mbele yake, akamtazama pua, akamtazama macho.

"Sikuumia," alisema Hana akijifuta. "Nimeshangaa tu. Sijawahi kupigwa usoni tangu nizaliwe."

"Kushangaa nako kunahitaji muda," alisema Hilda. "Kaa."

Hana alikaa kwenye gunia, dakika kumi nzima, akisikiliza mvua. Optatus alitaka kumwomba radhi mara ya nne, Hilda akamkatalia kwa macho. Kisha Hana aliinuka, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akarudi katikati ya sakafu.

"Leo turudi begani," alisema. "Uso keshokutwa."

Optatus akavua glavu, akaweka kiganja begani kwake, wakaanza kusukumana.